Kinanda na Ufunguo wa Sokoni

Walimwita Kinanda kwa kuwa mdomo wake ulijua kupiga kila wimbo, isipokuwa ule wa kazi. Alilala sebuleni kwa shangazi yake, karani wa kuhesabu wasio na ajira, na shangazi alishampa hadi mwisho wa mwezi: apate kazi, au abebe godoro lake.

Jioni moja shangazi, akipanga fomu zake, akamweleza hesabu ile inavyokwenda. Aliyefanya kibarua saa moja tu kwa wiki, huyo ana kazi. Asiye na kazi na wala haitafuti, huyo hahesabiwi kabisa, kama paka wa jirani.

Kinanda akaacha kutafuna.

Asubuhi alikuwa kwa diwani, ambaye Jumamosi angepambana jukwaani na mpinzani aliyeapa kwamba kata nzima inashinda vibarazani.

"Mheshimiwa, nipe wiki moja nikumalizie wasio na kazi wote."

"Utawapeleka wapi?"

"Hawaendi popote. Wewe nipe tu chumba pale sokoni, nifungue biashara."

Biashara gani, jamani. Alitaka pa kulala. Diwani akakubali, na Kinanda akarudi kumsimulia shangazi kila neno, maana ujanja usiosimuliwa hauna utamu.

Basi vijana wakapangwa zamu, ufagio mmoja, uwanja mmoja, kila mtu saa yake na soda yake. Wa kwanza akafagia majani, wa pili akayarudisha. Shangazi akapita nyumba hadi nyumba na kalamu, akamalizia kwake.

"Na wewe?"

"Sina kazi na siitafuti," alisema Kinanda, kajinyoosha kwenye kochi. "Niruke, shangazi."

Shangazi akaandika.

Ijumaa diwani akawaita wote wawili. Kata nzima, asiye na kazi alikuwa mmoja. Kesho mpinzani angemtembeza jukwaani kama bibi harusi.

"Ni wewe," diwani akamwambia Kinanda.

"Shangazi! Si nilisema sitafuti?"

"Uliomba chumba cha biashara kwa mheshimiwa. Fomu inasema kuomba pa kufanyia biashara ni kutafuta kazi. Mimi siandiki uongo, mwanangu."

Diwani akamrushia ufunguo. Hakuna aliyemdhulumu: chumba kilikuwa sokoni, na mlango ulifungika vizuri. Ndani mlikuwa na fagio kumi na mbili, toroli la taka, na ratiba ukutani yenye jina lake, kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Na godoro lake. Lilishatangulia, limekunjwa vizuri.