Bahari ya Rugamba na Betri ya Angeline

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimepata kazi! Karibu nipate. Nilikwenda Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kuuza kuku wawili wa mke wangu Angeline, nikapita kwenye hoteli ya bwana mmoja aitwaye Rugamba. Mtu wa ng'ombe wengi, tumbo la kutosha, vyumba kumi na viwili. Juzi amerudi kutoka Dar es Salaam. Huko, mapokezini, aliona sanduku la kioo lenye maji ya bahari, mawe ya rangi na samaki wanaong'aa. Tangu hapo hana raha. Anataka lake, na analitaka kabla ya tarehe kumi na nane, siku ya kuhingira, sherehe ya kumuaga binti yake anayekwenda kwa mume.

Akawauliza wafanyakazi: "Nani hapa najua bahari?" Mimi nilikuwa mlangoni. Nikanyoosha mkono, kuku akiwa bado ndani ya mkono huo. Nikasema nimezaliwa Bujumbura, nimekulia ufukweni. Kila neno ni kweli. Hakuuliza ufukwe wa nini.

Ahadi: bahari ikikamilika, mimi ndiye mtunzaji wake. Chumba nyuma ya hoteli, mshahara, sare yenye vifungo. Miaka kumi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nimechoka kuitwa kwa namba ya kadi. Thaddée, Fundi wa Bahari! Nimeliandika jina hilo mara tatu kwenye ukurasa wa nyuma kuona linavyokaa. Kuku mmoja alitoroka. Yuko hotelini mahali fulani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepanga vifaa, nikisoma kwenye simu, nimekaa kwenye meza ya Angeline ya kuchaji simu hapa kambini, kijiji cha Kashojwa. Orodha haina huruma. Sanduku la kioo kinene. Pampu ya kusukuma maji, kwa sababu bahari haitulii. Kichujio. Chombo cha kutoa povu chafu. Taa ya buluu. Kipasha joto. Chumvi maalumu. Kipimo cha chumvi. Mawe hai. Mawe hai! Jiwe lililokufa linafananaje?

Halafu eti vikishafungwa vyote, maji yaachwe wiki nne au zaidi kabla ya kuingiza samaki. Wiki nne! Hilo limeandikwa kwa watu wasio na sherehe. Nimelikata kwa kalamu.

Angeline aliuliza kama ziwa letu la Tanganyika lina chumvi. Nikatoka kidogo kwenda kujisaidia. Niliporudi alikuwapo Bienvenu, fundi madirisha, Mkongomani wa Uvira, ng'ambo ya ziwa lilelile, mtu anayesikia yasiyomhusu. Akasema: "Weye Thaddée, mayi ile tulikuwa tunakunywa. Bahari, nani anaikunywaka?" Nikamjibu: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Akachukua simu yake, akaenda zake. Nilishinda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Fedheha. Kioo kinahitaji fundi, na fundi wa kioo Nakivale ni Bienvenu peke yake. Nimekwenda kumwona. Alinifanya nisubiri amalize mlango mzima. Nikamwambia atakuwa msaidizi wangu. Akasema atakuwa mshirika. Tukakubaliana kwamba kila mmoja atamweleza mke wake kwa namna yake.

Nilitaka kioo cha dirisha, chepesi kubeba. Akakataa, akachagua kile kinene, akapaka gundi mara mbili, akanifukuza nisiguse. Mtu wa dharau sana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sanduku limefika hotelini. Tumelijaza maji ya mvua. Halivuji hata tone. Nimeumia.

Shida mpya ni umeme. Mbarara ukikatika, pampu inasimama, samaki wanakosa pumzi. Jenereta ya Rugamba imekwenda kwenye msiba kwa shemeji yake na haijarudi. Rugamba akaniuliza mimi, fundi, nina mpango gani. Nikasema betri na sola ninavyo.

Sina. Angeline anavyo. Tangu Aprili, jina letu lilipoondolewa kwenye orodha ya chakula cha msaada, meza ile ndiyo inayotulisha. Simu ishirini kwa siku, na mashine ya kinyozi siku za Jumamosi. Nilimwomba kwa adabu. Siku saba tu. Nikamwonyesha mchoro wa sare. Akautazama sana, halafu akasema: "Baba Bella, hiyo betri ndiyo sahani yetu." Basi. Akaendelea kupanga nyaya za watu.

Mwanamke haoni mbali.

Jumapili, 12 Oktoba

Angeline yuko misani na watoto. Padri wa leo huhubiri kirefu, Mungu ambariki. Nilipanda juu ya paa saa tatu. Saa nne sola na betri vilikuwa juu ya bodaboda, vimefungwa kwa mipira pamoja nami. Nimeacha barua mezani: Siku saba tu. Ni kwa ajili yetu. Mume wako, Fundi wa Bahari.

Simu za watu kumi na moja zilikuwa bado mezani, zote chini ya nusu. Nimezifunika kwa kitambaa.

Jumanne, 14 Oktoba

Chumvi. Ile maalumu haipo Mbarara nzima. Kuiagiza ni wiki mbili. Nilizunguka mpaka miguu ikavimba, nikaishia kwenye duka la dawa za mifugo, na hapo nikaona magunia. Chumvi ya Katwe, ya kulambisha ng'ombe! Ya kijivu, mabongemabonge, ina nguvu. Nikafikiri hivi: chumvi hii inatoka ziwani. Mimi natoka ziwani. Ni ndugu.

Nikaimwaga sandukuni, nikakoroga kwa fimbo ya ufagio. Kipimo cha chumvi ni ulimi wangu. Rugamba akaja, akachovya kidole, akaonja, akafumba macho. Nilidhani nimekwisha. Akasema: "Eh! Hii mimi najua. Ng'ombe yangu napenda hii sana." Akanipiga bega. Mtu aliyekulia zizini hawezi kukosea chumvi.

Mawe hai niliyaokota Jumapili njiani, ufukweni mwa ziwa Nakivale. Yana ukungu wa kijani na moja lina konokono. Kama huo si uhai, sijui.

Angeline amepiga simu mara tisa. Halafu akaacha. Itakuwa simu yake imezimika.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wamefika! Wamevuka mpaka wa Tanzania pale Kikagate asubuhi ndani ya boksi, kila mmoja na mfuko wake wa maji. Samaki sita walioagizwa na Rugamba kutoka Dar, wa rangi ya chungwa, wana mistari myeupe, na kipande cha matumbawe kinachopunga vidole. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nilitaka binti yetu Bella aone.

Bienvenu alikuja kutazama kioo chake. Akasema tuiache mifuko ielee juu ya maji kwanza, wazoee polepole, na kwanza aonje hayo maji. Akaonja, akatema. "Ndugu yangu, uache. Hii ni ya ngombe." Alisema taratibu, karibu kwa huruma, na hilo ndilo lililoniudhi. Wageni walikuwa wanatazama. Rugamba alikuwa ameshika simu apige picha. Nikawamimina wote mara moja.

Walizunguka vizuri kabisa. Kwa dakika nne.

Ijumaa, 17 Oktoba

Watano wamekufa. Wa sita amejificha nyuma ya jiwe la konokono na ananitazama. Matumbawe yameyeyuka kama ugali ulioachwa kwenye maji. Maji ni meupe, yananuka. Umeme umekatika tangu saa mbili, na betri ya Angeline imefanya kazi bila kosa, ikisukuma maiti huku na huku. Betri nzuri sana.

Saa kumi, wa sita naye. Konokono yu mzima.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nilifunika sanduku kwa shuka, nikatangaza kwamba bahari hufunguliwa baada ya sherehe. Ingefaulu. Lakini shangazi wa bibi harusi, mama mmoja mwenye mamlaka, alisema harufu gani hii, akavuta shuka mbele ya wakwe.

Sitaandika yote. Bibi harusi alilia. Wakwe walinong'ona kwamba ni ishara mbaya. Rugamba hakupiga kelele, aliniita tu kando na kusema: "Leta samaki yangu sita. Sola na betri nabaki hapa." Nikasema si vyangu. Akauliza kama niliviiba.

Bienvenu amepewa kazi ya madirisha yote ya hoteli. Kioo chake kimesifiwa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimerudi Kashojwa. Juu ya paa kuna matundu manne ya misumari, na mvua imeyapata. Meza iko tupu. Wateja wamehamia kwa kijana mmoja karibu na kituo cha Base Camp, na wawili bado wanadai Angeline aliharibu simu zao.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nina majibu mazuri ya matusi. Hakutukana. Alikuwa anapepeta maharagwe. Aliuliza kama nimekula, akanipa ya kwake, akasema watoto walikula jana. Bella akaniuliza samaki walikuwa na rangi gani. Nikamwambia.

Nimeona aibu. Nimeona aibu kweli, kwa nusu saa nzima. Nimejiapiza mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba yamekwisha.

Alhamisi, 23 Oktoba

Angeline ameazima sufuria kubwa kwa jirani yetu Apollinarie. Anachemsha maharagwe alfajiri, anayauza barabarani kwa wanaokwenda shamba. Mikono imeungua mpaka kiwiko. Lakini jana watoto walikula, na leo pia. Amesema sufuria ikiwepo, tutaishi.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, bila hasira. Bienvenu anasema kosa lilikuwa chumvi. Upuuzi. Kosa lilikuwa kioo: kikubwa mno, na kila mtu anaona ndani. Bahari ya kwanza huwa ndogo, ya samaki mmoja tu, tena yenye mfuniko. Nikimpelekea Rugamba samaki mmoja mzima, atalegea. Sola itarudi. Sare pia.

Kesho Angeline anakwenda kumsaidia Apollinarie kuvuna, hatapika. Nimeipima ile sufuria kwa kidumu: lita ishirini kamili, na mfuniko wake unafunga vizuri. Najua ni ya kuazima. Lakini ni siku saba tu.