Mawese ya Eufrasia Yaenda Maabara

Jumatatu, 4 Agosti
Mawese ya Eufrasia ni mekundu mno! Kibanda chake kinapakana na changu hapa soko la Mwanga, na wateja wananipita kama hawanioni. Nikawaza. Mimi natia rangi ya mikeka, kidogo tu, ya kukoleza, na bado mawese yangu hayafikii yake. Basi yeye anatia pakiti nzima. Muuaji! Mchana wote nimeota macho wazi: niko mahakamani, suti ya kijivu, hakimu ananiita mtaalamu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekwenda kwa afisa afya, Bi Agnesi. Nimemwambia wananchi wanalishwa sumu. Akauliza nimejuaje. Nikasema uzoefu. Akanieleza sheria: atanunua mwenyewe kama mteja, atagawa sampuli mbele ya muuzaji, atazitia lakiri, kisha maabara itasema kilichomo. Maabara haina jirani, akasema. Maneno matamu. Nimeyarudia njia nzima hadi nyumbani Rusimbi.

Ijumaa, 8 Agosti
Leo ndiyo leo, siku ya Bi Agnesi kuja kununua. Nimemwachia mke wangu Yunisi kibanda, nikaenda Kibirizi nisije nikashukiwa. Nimekaa ufukweni karibu na dagaa walioanikwa. Ukungu umemeza milima ya Kongo. Ziwa na mbingu kitu kimoja, mitumbwi inaning'inia hewani. Nikawaona wateja wote wa Eufrasia wakija kwangu kimyakimya, kila mtu na kidumu chake. Nikasinzia. Nimeamka na mchanga mdomoni na furaha kubwa.

Jioni Yunisi akasema biashara si mbaya. Hata Eufrasia aliishiwa, akachukua kidumu kwetu ampe mteja mmoja mwanamke, kama majirani wa soko tunavyofanya siku zote. Nikacheka. Adui ananiuzia mali! Nimelala vizuri sana.

Alhamisi, 28 Agosti
Majibu! Rangi ya kiwandani, marufuku kwenye chakula, inaharibu ini. Nikapiga makofi soko zima lisikie. Peke yangu.

Eufrasia hakupaza sauti. Alisema, "Siku ile niliishiwa. Mawese hayo nilichukua kwa jirani yangu huyu, Bonaventura. Ya kwangu haya hapa, pimeni."

Bi Agnesi akafunua pipa langu. Akakuta pakiti ya rangi chini ya meza. Sampuli, lakiri, saini. Kibanda kimefungwa, mawese yote yatateketezwa. Kumbe wekundu wa Eufrasia ni chikichi zilizoiva, basi!

Yunisi akaniuliza, "Na watoto wetu nimewapikia mawese gani miaka yote hii?"

Niliona aibu hadi masikioni.

Jumanne, 16 Septemba
Hakimu amenitoza faini. Hakuniita mtaalamu. Watoto wamepimwa, wazima, Mungu ni mwema. Yunisi sasa anauza kwenye kibanda cha Eufrasia, na nikipita ananisalimu kama mteja.

Bi Agnesi aliniuliza mlangoni mwa mahakama kama nimeelewa. Nimeelewa kabisa. Nimeshinda ufukweni nikilitafakari kosa langu, hadi jua likazama upande wa Kongo na ziwa lote likawa dhahabu. Dhahabu tupu! Sasa nitauza asali, ila ya hapa ni nyeusi mno, nani ataitamani? Kosa lilikuwa nyekundu. Nimeshauliza dukani: rangi ya njano ipo.