Turubai Langu na Miguu Isiyotikisika

Jumatatu, 12 Januari

Tumefika kambini kwetu, Arizona. Jua! Siku nne njiani kutoka nyumbani Saskatchewan, Kanada, theluji mpaka mpakani, na sasa nimevaa kaptura. Lorna kacheka alipoona magoti yangu. Mwaka mzuri huu, nauona.

Nimetandaza turubai jipya la kivuli ubavuni mwa gari-nyumba letu. Ni la tatu kwa majira matatu ya baridi. La kwanza lilichukuliwa na upepo. La pili pia, lakini upepo mwingine. Lorna amenikumbusha kiapo chake: hili nalo likiondoka, gari linauzwa na sisi tunahamia Moose Jaw, kule kule kwenye theluji, kwa dada yake Myrtle. Myrtle hupiga kodiani kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia mke wangu asiwe na wasiwasi. Akasema hana wasiwasi, ana namba ya simu ya Myrtle.

Jirani yetu ni Royce Tillman tena. Daktari wa meno mstaafu. Meno yake mwenyewe meupe mno. Miguu ya turubai lake imesimama wima kama askari wa gwaride, vigingi vyote vimezama ardhini. Jumamosi ni karamu ya kambi, kila mtu na sufuria lake la maharagwe ya nyama, na desturi yetu ni kula pamoja chini ya turubai lenye miguu imara kuliko yote. Bi Verna, mwenyekiti wetu, mwenye miaka themanini na minne, hupita Ijumaa akiitikisa mguu kwa mguu. Mshindi hukabidhiwa upawa. Royce ameshinda mara tatu mfululizo, na hugawa maharagwe kana kwamba anagawa urithi.

Mwaka huu upawa ni wangu.

Jumanne, 13 Januari

Vigingi vinane vimepinda. Kidole gumba kimevimba. Royce kaja na kikombe chake cha kahawa kutazama, akajitolea kuniazima vigingi vyake virefu. Nikamshukuru na kukataa.

Nikiwa nimekaa chini napuliza kidole, akili ikanijia. Kwa nini miguu ishike ardhi wakati gari lipo? Gari lina tani tatu! Miguu ya turubai letu inaweza kurudishwa nyuma, ncha zake zikakaa kwenye vishikizo vya plastiki chini ya ubavu wa gari. Kimoja nilikivunja mwaka jana. Basi nitafunga vyangu, vya chuma, na miguu nitaikaza humo kwa skrubu isichomoke milele.

Muuza vyuma chakavu sokoni akanishauri skrubu fupi, maana ubavu wa gari kuukuu ni bati na kijibao tu. Nimechukua ndefu, urefu wa kidole. Ishirini. Skrubu fupi ni za madaktari wa meno.

Jumatano, 14 Januari

Lorna kaenda kufuma sweta na kina mama wenzake. Drili mkononi! Skrubu kumi na mbili zimeingia kama kisu kwenye siagi. Zimebaki nane.

Nimetikisa. Haitikisiki! Nimening'inia kwenye mguu mmoja. Haitikisiki! Nikacheza kidogo, peke yangu. Royce akaona. Sijali.

Adhuhuri Lorna karudi, akafungua kabati atoe boksi la shayiri. Boksi halitoki. Akavuta. Akavuta kwa mikono miwili. Shayiri yote sakafuni, na ncha ya skrubu inamtazama. Kisha akafungua kabati la nguo. Blauzi yake ya buluu, ya karamu, imetobolewa katikati ya mgongo. Akatoka nje nayo, taratibu.

"Emmett, hebu nieleze. Na blauzi yangu nayo ilikuwa inapeperuka?"

Nikasema kila uvumbuzi una hasara zake ndogo ndogo. Hakucheka. Baadaye alicheka, lakini kwa akina Bi Verna, na niliwasikia.

Alhamisi, 15 Januari

Maji chini ya gari. Skrubu moja imeingia kwenye tangi la maji.

Nimetafakari. Skrubu ikitolewa, maji yatamwagika. Ikibaki, yanadondoka tu. Kwa hiyo haitolewi. Nimebandika chingamu. Lorna sijamwambia, ana kazi nyingi, anashona blauzi.

Royce kaja tena. Akanikumbusha kwamba upepo wa huku huja alasiri, na hakuna mtu kambini asiyekunja turubai lake ukija. Akauliza langu nitalikunjaje, na miguu imekazwa kwenye gari. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwambia langu halihitaji kukunjwa. Akanitazama kwa huruma, kama anaona jino bovu.

"Jirani, toa hizo skrubu. Nakusaidia, dakika kumi tu. Simwambii mtu."

Anaogopa! Nimefurahi sana.

Ijumaa, 16 Januari

Bi Verna kapita. Mguu wa Royce ukasogea. Kidogo, kama unywele, lakini ukasogea! Akaja kwangu, akashika kwa mikono miwili, akatikisa. Gari zima likatikisika. Vikombe vikaanguka ndani. Mguu, tulii.

"Kijana," akaniambia (nina miaka sitini na tisa), "huu mguu utatuzika sote."

Upawa ninao! Lorna kanibusu kwenye upara, mbele za watu. Nimeuning'iniza juu ya usukani ili niuone kila ninapopita.

Jumamosi, 17 Januari

Watu thelathini chini ya turubai langu. Nimegawa maharagwe kwa haki, isipokuwa Royce, yeye nimemjazia ili aone ukarimu. Kisha wakaanza kuulizia kahawa, ambayo ni wajibu wa mwenyeji. Nikafungua bomba la jikoni. Likakohoa. Tone moja. Tangi limekauka.

Royce akasema ana madumu mawili yamejaa. Kahawa ya Royce kwenye karamu yangu? Nife kwanza. Bomba la kambi liko langoni, hatua mia tatu. Kweli, hakuna anayeondoa gari kabla ya kukunja turubai. Lakini miguu yangu haigusi ardhi! Nikawatangazia wabaki kivulini na sahani zao, watembee tu. Nikawasha gari.

Na wakatembea! Wazee thelathini, wanakula huku wanakwenda, Bi Verna mbele na mkate wake wa mahindi, mtu kaanzisha wimbo. Lorna yumo ndani ya gari, amekaa kitandani na sahani, anacheka mpaka machozi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Hatua mia. Hatua mia mbili.

Upepo wa alasiri ukafika.

Turubai likajaa. Watu wakatawanyika, hakuna aliyemwaga hata harage, hawa ni wazoefu. Kishindo kimoja. Na niandike wazi, kwa kumbukumbu: MIGUU HAIKUACHIA. Kilichoachia ni ubavu wa gari. Turubai, miguu, vishikizo, skrubu zote kumi na mbili na ubavu mzima, kuanzia jikoni hadi kitandani, vimeondoka pamoja, vimeshikana vizuri sana, vikatua kwenye miiba ya madungusi ng'ambo ya barabara.

Lorna alikuwa bado kitandani, na sahani yake, kambi nzima inamwona. Akaomba simu.

Jumapili, 18 Januari

Tuko kwa Royce. Kahawa yake nzuri, inaniuma kusema. Bi Verna kaja kuchukua upawa, hakuniita kijana.

Nimemweleza Lorna, kwa upole, kwamba kiapo chake kilihusu turubai kuondoka, na kwa haki turubai halikuondoka, ni ubavu wa gari ulioondoka nalo.

"Turubai limeondoka," akasema. "Gari limeondoka. Umebaki wewe, Emmett, na wewe unakuja Moose Jaw."

Jioni tumezungumza na Myrtle kwenye simu. Chumba chetu kina roshani! Inatazama kusini, haina kivuli hata kidogo, na kiangazi inaunguza. Moyo wangu ukaruka. Nimemuuliza ukuta wake una unene gani. Hajui. Anachojua ni kwamba upande wa pili ndiko anakoweka kodiani.

Skrubu nane bado ninazo. Nimezipima tena kwa kidole. Zitatosha.