Pembetatu Katikati ya Kibodi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyetakiwa kuuleta udhuru huo na hajafika nao. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, wanaokaimu nafasi za wakuu wa vitengo na wanaowashikia viti wanaokaimu. Ndugu msimamizi wa ukumbi huu wa jamii. Wazee wetu wa Chama cha Wastaafu, mliowahi safu ya mbele kwa sababu ndiko kwenye viti vyenye egemeo. Mama mkwe wangu mpendwa, shikamoo. Dada wa fotokopi kutoka ghorofa ya chini. Ndugu msafishaji uliyesimama hapo mlangoni na ndoo. Wadau wote, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau ajihesabu kuwa ametajwa. (Makofi ya kiasi.)

Ni heshima ya pekee kwangu mimi, Mkurugenzi Msaidizi Mwandamizi wa Idara ya Burudani za Kidijitali, kusimama mbele yenu asubuhi hii kuzindua rasmi Mradi Mtambuka na Shirikishi wa Ukarabati wa Gemu ya Treni, mradi ambao jina lake pekee lilituchukua vikao vinne na wokshopu moja ya siku tatu, na ambao kesho na keshokutwa watoto wetu watauliza, "Ni nani aliyeuanzisha?" na wataonyeshwa picha yangu. (Kicheko safu ya nyuma. Mtu anakohoa.)

Mabibi na mabwana, miezi minane iliyopita idara yangu iliweka kompyuta sita katika ukumbi huu, na ndani ya kila kompyuta gemu moja, kwa lengo mahususi la kuchangamsha akili za wastaafu. Gemu hiyo, kwa wale ambao hawajapitia andiko la mradi, inamkalisha mchezaji kwenye kiti cha dereva wa treni na kumtaka aipeleke kutoka stesheni ya kwanza hadi ya arobaini. Kwa asili ilitengenezwa kwa ajili ya mashine ile ya sebuleni inayochezwa kwa pedi ya mkononi, yenye vitufe vya maumbo, na hao walioihamishia kwenye kompyuta waliihamisha kama mtu anayehama nyumba kwa kukimbizwa: sufuria zimefika, mifuniko imebaki. Treni ilikuwa ikienda kwa kurukaruka, maandishi yalikuwa madogo kama chawa na kwa lugha ya watu, safari ilikuwa haihifadhiki, ukizima mashine unarudi stesheni ya kwanza, na jambo la kwanza kabisa kutokea kwenye skrini lilikuwa ni amri ya kubonyeza pembetatu, na wazee wetu wakaitafuta pembetatu kwenye kibodi kwa siku tatu.

(Mzee mmoja safu ya mbele: "Siku tano!")

Siku tano, nashukuru kwa fidibaki. Sasa, idara isiyo makini ingekurupuka. Sisi hatukukurupuka. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukafanya upembuzi wa upembuzi, tukakutana na stekholda, tukaunda kamati ndogo chini ya kamati kubwa, na baada ya miezi minne ya mchakato tukaja na suluhisho ambalo mpaka leo nikilikumbuka najisikia fahari: tulichapisha stika za pembetatu, rangi ya kijani, na kuzibandika katikati ya kila kibodi. Katikati kabisa, kwa ajili ya mwonekano. Na gundi yake, naomba niseme hili kwa msisitizo, ni gundi ya kiwango cha juu, haitoki kwa maji, haitoki kwa sabuni, mimi mwenyewe nilijaribu nyumbani na meza ya mke wangu ni shahidi. (Mama mkwe anatikisa kichwa.)

Na matokeo yake mnayaona. Leo ninavyozungumza gemu inakwenda bila kushtukashtuka, maandishi ni makubwa na ya Kiswahili, yanataja herufi za kibodi badala ya maumbo, safari inahifadhika, na wazee wanacheza mpaka msimamizi anawazimia taa. Kwa mujibu wa tathmini yetu, kiwango cha kuridhika ni asilimia mia moja na nne, kwa sababu kuna wazee waliojibu dodoso mara mbili. (Vifijo kutoka kwa wazee husika.) Kazi hii yote, mabibi na mabwana, imefanywa na wataalamu kumi na wawili waliopo muda huu nyuma ya mlango huu wenye utepe mwekundu, ambako ndiko kwenye Kituo chetu cha Umahiri, na ninawaomba msipige kelele kwa sababu wanafikiri.

(Msafishaji anausogelea mlango wenye utepe. Katibu muhtasi anamzuia.)

Ndugu yangu wa ndoo, vuta subira, utepe unakatwa saa tano.

Pamoja na mafanikio haya makubwa, limezuka neno, na mimi si mtu wa kumung'unya maneno. Inasemekana huko kwenye korido kwamba gemu hii haikutengenezwa na idara. Inasemekana kuwa huko mtandaoni kuna wapenzi wa gemu hii, watu wasioajiriwa na mtu, wasio na cheo wala kadi ya kuvaa shingoni, ambao walikasirika kuona gemu wanayoipenda imeharibiwa namna ile, wakakaa chini na kuishonea viraka. Mmoja anajiita Nati Legevu, na inadaiwa ndiye aliyeiponya treni kurukaruka. Mwingine anajiita Bibi Miwani, eti ndiye aliyekuza maandishi. Na inasemekana kwamba dada wa fotokopi aliyepo hapa, katikati ya kutoa nakala za vyeti vya watu, alivichukua viraka hivyo kimoja kimoja, akaviweka kwenye kompyuta zetu sita, na hayo maandishi ya Kiswahili akayatafsiri yeye mwenyewe, mistari elfu mbili na kitu.

(Dada wa fotokopi, akiwa ameketi: "Mia tatu na kumi. Elfu mbili mia tatu na kumi.")

Sikatai kwamba dada ana kipaji. Lakini hebu tujiulize kwa pamoja, mtu anayeitwa Nati Legevu ana sahihi? Ana muhuri? Faili lake liko masijala gani? Na hii karatasi niliyoikuta asubuhi imebandikwa kwenye skrini ya kompyuta namba sita, imeandikwa kwa kalamu, haina kumbukumbu namba, haina nakala kwa yeyote, nimeibandua na iko mfukoni mwangu kama ushahidi. Basi ili kumaliza ubishi, na ili mchango wa mradi uonekane bila kuchanganywa na mambo ya mitaani, nitaifuta folda ya viraka hapa hapa, kwenye kompyuta hii namba sita, mbele yenu, kwa kidole changu mwenyewe, na mtaona gemu ikiendelea kung'ara kwa nguvu ya idara peke yake.

(Minong'ono. Dada wa fotokopi anasimama: "Mkurugenzi, tafadhali, safari za wazee zote zinasomwa na hivyo viraka!" Mama mkwe naye anasimama, mkoba kifuani.)

Mama, keti tu, mama, usijisumbue.

(Mama mkwe: "Sikai. Baba, nakuheshimu tangu siku ulipokuja kwangu na posa, ukatoa hotuba ndefu kama hii. Lakini hiyo folda usiiguse. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye chumba cha ishara, nawafungulia wanaume njia wapite na treni zao. Niliomba mara nne kuendesha, wakaniambia mwanamke atasinzia. Sasa nimeendesha stesheni thelathini na tisa na sijasinzia hata moja. Nimebakiza ya mwisho, nilikuwa nimalizie leo. Usiniharibie, mwanangu.")

Maneno mazito, mama, na yataingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Hata hivyo mchakato ni mchakato. Nabonyeza. Inaniuliza kama nina uhakika. Nimekuwa na uhakika tangu niajiriwe. Na kwa kuwa sera yetu ni usafi, natupa na vilivyomo kwenye pipa la taka la kompyuta. Haya, mabibi na mabwana, kwenye skrini kubwa, nawaletea mradi!

(Gemu inafunguka. Maandishi yamerudi kuwa madogo. Treni inaruka mara mbili na kuganda. Skrini inasema safari ya stesheni thelathini na tisa haisomeki. Mzee wa safu ya mbele anashika kichwa. Mama mkwe anakaa taratibu, anafungua mkoba, anaufunga.)

Hii, mabibi na mabwana, ni ile tunayoita changamoto ya mpito. Mfumo unajitathmini. Tuupe dakika moja. (Dakika moja inapita.) Tuupe nyingine. Naona inatuomba tubonyeze pembetatu, na pembetatu, ashukuriwe aliyebuni, ipo! Nabonyeza pembetatu. Nabonyeza tena. Nabonyeza kwa kidole gumba. (Sauti: "Ita wataalamu wako!") Wataalamu wanafikiri, nimeshasema. (Sauti nyingi: "Waite! Waite!") Ndugu zangu, ndugu zangu, naomba utulivu. Mama, naomba usinitazame hivyo. Nimetazamwa na wakaguzi, nimetazamwa na kamati tatu za nidhamu, lakini hivyo sijawahi kutazamwa.

Sawa. Kwa kuzingatia mazingira yaliyojitokeza, na bila kuathiri msimamo wa idara, ningependa kumualika dada wa fotokopi, katika nafasi ya mshauri mwelekezi, aje mbele.

(Dada wa fotokopi anakuja. Kwenye funguo za duka lake inaning'inia flashi. Ananong'ona jambo. Mkurugenzi anaziba kipaza sauti, lakini hakizibiki.)

Dada anasema viraka vyote anavyo hapa kwenye flashi, na anavirudisha sasa hivi, kwa masharti mawili. La kwanza, vinapangwa kwa mfuatano, kimoja kikimtangulia mwenzake vibaya treni inatembea angani, na mfuatano wenyewe ameuandika kwenye karatasi niliyoibandua, kwa hiyo niusome. La pili, anasema stika zangu zinakera watu vidole, nizibandue zote kwa mkono wangu. Idara imetafakari kwa sekunde tatu na imekubali.

Nasoma ushahidi. "Kwanza, kasi ya Nati Legevu. Pili, maandishi ya Bibi Miwani. Tatu, kusevu. Nne, Kiswahili changu, hiki kikae juu ya vyote. Mama wa ishara anamaliza Alhamisi, namuombea. Mkubwa yeyote asiguse." (Makofi marefu.) Hili la mwisho nadhani lilinilenga mimi, na nimelipokea.

Wakati dada anaendelea, nami natekeleza sharti. Kibodi ya kwanza. Mnaniona, sijakaa. Gundi hii, jamani. Nani aliyeidhinisha gundi hii? (Vicheko. "Wewe!") Ya kwanza hiyo. Ya pili imeondoka na ukucha wangu. Mnajua, mabibi na mabwana, nikibandua hapa nawaza, huyu Nati Legevu sijui anaishi wapi, sijui ana watoto au hana, na hajui kama duniani kuna mama mkwe wangu, lakini alikaa akatengeneza kitu mpaka kikamfikia. Mimi ninayekula kwake kila sikukuu nilimletea stika. Ya tatu. Ya nne. Nisaidieni kijiko. Ya tano.

(Gemu inafunguka upya. Maandishi makubwa: "Karibu tena, dereva. Stesheni ya thelathini na tisa." Wazee wanasimama. Mama mkwe anapanda jukwaani, anavaa miwani, anakaa kwenye kompyuta namba sita. Treni inaondoka, inaingia kwenye daraja, haitetemeki.)

Polepole mama, kona hiyo! (Mama mkwe: "Nyamaza, naendesha.") Nimenyamaza. Mabibi na mabwana, nawatangazia kuwa nimenyamaza. Inapunguza mwendo. Naona jukwaa la stesheni. Inasimama. Imesimama! Stesheni ya arobaini! (Vigelegele, viti vinaanguka, ndoo ya msafishaji inapinduka na maji yanatapakaa sakafuni. Skrini inasema: "Umefika. Piga honi: bonyeza H.")

(Mama mkwe anaitafuta H. Anapangusa macho. "Mkwe, njoo basi unipigie wewe, kwa heshima yako.")

Mama, ni heshima kubwa isiyostahili. H. Naitafuta. G naiona, J naiona. Mama, hii kibodi haina H.

("Iko chini ya pembetatu yako, baba.")

(Kicheko cha dakika nzima.)

Nabandua ya sita. Imetoka. Hapana mama, kidole kiwe chako, mimi nimefungua njia tu. (Honi inalia ukumbi mzima. Mama mkwe anaibonyeza mara tatu.)

Basi nihitimishe kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Viraka!" mseme "Vishonwe!" Viraka! ("Vishonwe!") Mkubwa! ("Asiguse!") Ahsanteni. Nawashukuru wadau kwa uvumilivu. Namshukuru Nati Legevu popote alipo, na Bibi Miwani, ambao barua zao za shukrani nitaziandika mwenyewe, dada wa fotokopi akinielekeza pa kuzituma. Nawashukuru wazee kwa kujibu dodoso mara mbili. Naushukuru mradi wenyewe, ambao mnauona wote hapa kwenye kiganja changu, vipande sita vya kijani, haukuwahi kuwa na kingine. Na namshukuru kwa namna ya pekee ndugu msafishaji, aliyetuazima mlango wa stoo yake tuufunge utepe: ndugu yangu, njoo, (anaukata utepe) nimeshaukata, ingia uchukue dekio lako, na kama lipo la pili nipe, maji haya yamefika miguuni kwa mama.