Ombi la Kumwondoa Mama Mkwe Kwenye Mbio za Vigari

Ndugu Mwenyekiti wa Klabu ya Vigari vya Mfereji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na njia zote za vigari vyetu vya kuchezea, ukumbini mwako, zikiwa zimefutwa vumbi. Mimi ni yule mwalimu wa udereva mwenye kigari chekundu, ambaye wanachama wamembandika jina la Mzee wa Kona kwa sababu huko ndiko kigari chake kinakookotwa. Naandika kwa heshima zote kuomba mama mkwe wangu aondolewe klabuni kabla ya Jumamosi, siku utakayotangaza timu ya mashindano. Nafasi imebaki moja, na tunaoitaka ni wawili: yeye na mimi. Sababu zangu ni hizi.

1. Mchezo niliuleta mimi. Nilinunua boksi la kuanzia, lile la vigari viwili vya umeme na njia mbili zenye mfereji wa kuviongoza, nikalipanga juu ya meza ya chakula. Mke wangu akauliza tutakula wapi. Nikamwambia watu wazima hula popote. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kwa wiki moja tu. Alikitazama kigari changu kikichomoka kwenye mfereji na kutua ndani ya bakuli la mboga, akasema, "Baba, hebu nipishe kidogo." Sijarudi kwenye kiti changu tangu siku hiyo, na yeye akajiunga na klabu.

2. Hana leseni. Mimi nimefundisha nusu ya madereva wa mji huu (makosa yao si yangu). Yeye hajawahi kushika usukani hata wa gari lililozimwa. Maisha yake yote ameshona kwa cherehani ya miguu, na anadai kubana kifyatulio cha kuongeza mwendo kwa kidole ni sawa na kushona kola: punguza unapoingia kwenye mviringo, ongeza unapotoka. Mwenyekiti, hayo ni mambo ya ushonaji, si kanuni za barabarani. Linaloniudhi ni kwamba yanafanya kazi.

3. Ananidhalilisha kazini. Kama ujuavyo, vigari hivi havina breki. Unalegeza kidole tu. Mguu wangu wa kulia haujapata taarifa hiyo. Kila kona unakanyaga sakafu kwa nguvu zote, huku kidole kikiendelea kubana, na kigari kinaenda zake. Majuzi mama mkwe aliutazama mguu huo mbele ya ukumbi mzima akauliza, "Baba, unaua mende?" Wanafunzi wangu wawili walikuwepo. Sasa nikiwaambia wakanyage breki, wanauliza mende yuko wapi.

4. Sheria yenu kwamba aliyemaliza zamu asimame konani kurudisha mferejini vigari vya wenzake vinavyochomoka inavunja familia. Nikichelewa kukirudisha cha mama mkwe, nimemkosea adabu mzazi wa mke wangu. Nikiwahi, nimejimaliza mwenyewe. Nimesimama pale mikono tayari, nikiumia rohoni kwa uamuzi huo mzito, na kigari chake hakitoki!

5. Nyumbani hakukaliki. Ile wiki moja haina mwisho. Anasafisha matairi kwa karatasi ya gundi kabla hata ya chai. Zile nyuzi za shaba zinazopokea umeme chini ya kigari anazinyoosha kwa kibano cha nyusi cha binti yake, na binti mwenyewe, aliyekuwa akiililia meza, sasa anamhesabia mama yake mizunguko kwa shangwe. Mimi nakula nimesimama.

Kwa hiyo naomba klabu ipitishe kwamba mwanachama asishindane na mtu aliyemwoza binti. Ikishindikana, washonaji wote wafungiwe. Hilo nalo likishindikana, basi aendeshe akiwa amefumba jicho moja, lile zuri.

Nisalimie mweka hazina, fundi saa anayetutengenezea mota, na yeyote aliyewahi kuchutama chini ya meza kukitafuta kigari changu.

Ni mimi, mwanachama wako mtiifu wa njia ya tatu,
Mwalimu wa udereva

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi mama mkwe aliposikia kwamba nafasi ni moja. Hakulalamika. Alifunga begi, akamwambia binti yake, "Mwache baba acheze, mimi nilikuwa napita tu," akapanda basi la asubuhi. Leo nimekimbiza vigari peke yangu na kushinda kila mara. Mke wangu hakuhesabu hata mzunguko mmoja. Tafadhali mwandikie upesi kwamba klabu imemchagua yeye, kwa uwezo wake. Anuani nimeiweka humu. Usimwambie ombi ni langu. Akidhani namhurumia, hatakuja, na timu yetu itaishia kuwa na mimi.