Kamati ya Hamu ya Kuku

Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, Mkurugenzi wa shamba la kuku elfu nane alitangaza ukombozi wa kuku. Kuanzia siku hiyo hawangelishwa tena mahindi, mashudu wala dagaa, vyakula vya kizamani vinavyodumaza fikra. Wangepewa Lishe Mseto ya Kimkakati, yaani vumbi la mbao, maboksi yaliyosagwa na manyoya ya kuku wenzao, vyote vikitiwa rangi ya njano ili visikose mvuto.

Wafanyakazi walipiga makofi. Mama Pumba hakupiga, kwa kuwa mikono yake ilishika koleo. Alikuwa amechanganya chakula cha kuku kwa miaka kumi na tisa, na jina hilo alilobandikwa na wenzake alilizoea kuliko la kwenye kitambulisho.

Kuku walikitazama chakula kipya, kisha wakamtazama yeye. Hawakula. Siku ya nne mayai yalijaa trei mbili tu, na moja ilikuwa na nafasi.

Kama unadhani tatizo lilikuwa chakula, wewe hufai kukaa ofisini. Mkurugenzi aliona mbali. Alimwandikia Mama Pumba barua kwamba amewachochea kuku kugoma, hivyo ajieleze mbele ya Kamati ya Kitaifa ya Hamu ya Kula, na akishindwa aache koleo getini. Mama Pumba aliisoma mara tatu. Umri wake ulikuwa ule ambao hakuna anayekuajiri upya. Na kusema kweli kuku nao aliwaonea huruma, hasa wale wa nyuma walioanza kudonoana mikia.

Kamati ilifika Ijumaa: Mwenyekiti mwenye kikohozi cha mamlaka, na Katibu aliyeandika kila kitu, pamoja na kikohozi. Wakakalia viti vya plastiki katikati ya banda.

"Mama, umewaambia nini hawa?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kuku? Sijawaambia kitu, mheshimiwa. Tunasalimiana tu."

"Andika: kuna mawasiliano," Mwenyekiti alimwambia Katibu.

Mkurugenzi, aliyesimama kando yao, akadakia, "Chakula hakina kasoro hata chembe! Mimi mwenyewe ningekila!"

Hapo Mama Pumba akaona upenyo. Miaka kumi na tisa ya kusikiliza mikutano kupitia dirisha haikupotea bure.

"Waheshimiwa, nadhani walaji hawajahamasishwa," alisema. "Wanahitaji kiongozi wa mfano."

Mwenyekiti alifurahi hadi akasimama. "Uhamasishaji kwa vitendo! Andika! Mkurugenzi, kula."

Mkurugenzi akacheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Akachota kidogo kwa ncha za vidole viwili.

"Samahani, bosi," Mama Pumba alisema kwa adabu, "mwongozo wa lishe uliousaini unasema mlaji apewe kulingana na uzito. Kuku wa kilo mbili, gramu mia na ishirini kwa siku. Naomba upande kwenye mizani."

Mizani ya magunia ilisoma kilo mia na kumi. Mama Pumba alipiga hesabu kichwani kama kila asubuhi, akapima kilo sita na gramu mia sita, akazimimina kwenye chombo kirefu cha kulishia kuku na kufuta ukingo kwa aproni yake.

Mkurugenzi akatia mdomoni kiganja kimoja. Kuku elfu nane wakanyoosha shingo. Alitafuna sana, machozi yakamlenga, kisha akatema kwenye leso.

"Hizi ni taka!" akafoka. "Mnataka kuniua?"

Katibu aliandika. Mwenyekiti alifungua mwongozo, akalamba kidole, akapekua.

"Chakula kimeshathibitishwa hakina kasoro, na aliyethibitisha ni wewe. Kwa hiyo mchochezi tumempata. Mama, umesafishwa. Kuku wapewe mahindi wakati uchunguzi unaendelea. Na mlaji aliyegoma," akasoma polepole, "hatatolewa bandani mpaka amalize sehemu yake."

Walipeana mikono, wakatoka na Mama Pumba, wakafunga mlango kwa nje na kumkabidhi ufunguo. Alivuta pumzi ya kwanza ya maana tangu Jumatatu, akaenda stoo kufungua gunia la mahindi.

Aliporudi, kuku walimkimbilia kwa fujo ya furaha hata naye akacheka. Mkurugenzi alikuwa bado hajafika robo ya chombo.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo, midomo ya njano, "nisaidie maji."

"Yapo kwenye bomba hilo la kuku, bosi. Piga magoti, sukuma ile chuchu kwa mdomo, yatadondoka yenyewe."