Siku ya Kunyamaza kwa Bamasera wa Baraka

Jumanne, tarehe 9 mwezi wa saba

Nimefika Baraka, ng'ambo ya ziwa. Safari yote kutoka Kigoma mbuzi wa mutu mwingine alikuwa anakula kikwembe changu. Ku bandari bakaandika kwamba mi ni mugeni. Mugeni! Kitovu changu kilizikwa Lweba, hapo karibu tu! Nilibaambia wazi. Bakapiga muhuri.

Nimekuja juu ya kitu kimoja: kubeba mujukuu wangu. Binti yangu Nadia amezaa, majuma matatu sasa. Dume! Niko na siku tano tu. Boti inarudi Jumapili.

Sasa shida. Nadia hatoki ndani mupaka arobaini iishe. Na mi siingii, juu bwana yake Jafari anashinda pale. Mama-mukwe na mukwe habaonanake uso, njo desturi yetu. Kulala ku nyumba yake? Heri nilale sokoni. Na ndugu zangu ba Lweba vita ilibatawanya. Njo Nadia akaniombea chumba kwa bamasera, masista ba Katolika. Kitanda kizuri. Ku ukuta kuko picha ya Bibi Mariamu na mutoto mukononi. Hata yeye anabeba wake!

Mchana nilienda kuchungulia. Jafari alikuwa uani, moteri ya boti yake imefunguliwa, vyuma kila mahali. Nikajifunika kikwembe, nikaruka nyuma ya jiko la jirani. Yeye akaniona, mutoto wa heshima, akakimbilia chooni. Tukajificha wote wawili. Nani atoke wa kwanza? Jirani akaniuliza kama ninatafuta kuku. Nikasema ndiyo. Akanisaidia kutafuta. Muda murefu!

Ndani mutoto akalia. Mara moja tu. Matiti yangu, mazee namna hii, yakashituka.

Jumatano, tarehe 10

Leo nilipata akili. Asubuhi nilienda kwa Dieumerci, fundi wa moteri. Nikamutuma amwambie Jafari kwamba pistoni anayotafuta imeonekana Mboko, aende mwenyewe, haraka. Uongo mutupu. Yeye atoke, mi niingie. Kazi ya asubuhi moja!

Dieumerci iko na roho nzuri. Roho nzuri inaharibu watu! Alimuambia Jafari asijisumbue, akae nyumbani, yeye atapanda pikipiki amuletee. Jafari akakaa. Siku muzima ku mulango, anangojea pistoni yangu.

Saa kumi Kulthumu akakuja kunisalimia. Huyu njo mama ya Jafari, bibi mwenzangu. Yeye anaingiaka mule kama anataka, juu mwana ni wake. Akaniambia, mukwe, mutoto amecheka leo. Nikamuambia mutoto wa majuma matatu hachekake, ni hewa tumboni. Akasema basi hewa hiyo inamupenda sana bibi yake. Nyoka! Kisha akanipa habari: Jafari alikuwa amefunga mufuko asubuhi ile, akalale Lweba siku tatu ili mi niingie kwa raha. Bahati mbaya, mutu akaleta maneno ya pistoni.

Nikakohoa. 

Alipoinuka, kikwembe chake kikapita karibu na pua yangu. Maziwa. Mafuta. Mutoto. Nikamushika mukono, nikamuambia akae kidogo tena. Alifikiri ninamupenda.

Alhamisi, tarehe 11

Leo bamasera hawasemi. Ni siku yao ya kunyamaza na kusali, toka asubuhi mupaka jua lizame. Baliniomba radhi jana, nikasema hakuna neno. Sikujua kimya kinauma hivi! Kijiko ku sahani, basi. Bamasera sita banapita kama samaki ndani ya maji.

Na mi ninasemaka sana, ili nisisikie. Leo nilisikia. Mama yangu kule Lweba, anatwanga muhogo. Nadia mudogo, anapumua ku shingo yangu. Nilibeba batoto tisa mugongoni. Leo mugongo iko mwepesi, na unaniuma kuliko ule wakati.

Basi, kazi! Nilijisemea: mama akiwa mahututi, arobaini itangoja, Nadia ataleta mutoto. Nikakohoa. Kikohozi cha kwanza kidogo. Cha pili kilitikisa dirisha. Masera Anastasie, mukubwa wao na muganga wa maternite, nyumba yao ya kuzalisha, akakuja mbio. Kimya. Akasikiliza kifua, akanipa kikopo niteme mate, akaandika ku karatasi. Mi nilijifunza herufi uzeeni, ku kikundi cha bamama Kigoma, ninasomaka pole-pole. KIFUA. USITOKE. MUTOTO ASIKARIBIE MUPAKA TUPIME.

Mutoto asikaribie!

Nikataka kueleza. Akaweka kidole ku midomo.

Saa tano, ku dirisha, nikaona Nadia. Nadia wangu, pamoja na Kulthumu! Kumbe kwenda kwa muganga arobaini inaruhusu. Balikuwa banapeleka mutoto apimwe kilo, na balipanga bapitie kwangu. Bao wenyewe! Bila akili yangu hata kidogo! Masera akabaonyesha karatasi ku mulango. Nadia akashika mudomo. Mugongoni mwake nikaona kisigino kimoja. Kisigino tu.

Nikapiga kelele: mi niko muzima! Bamasera sita bakageuka. Masera Anastasie akanigusa paji, akafikiri homa imepanda kichwani, akaninywesha dawa. Chungu!

Nadia alienda analia. Mi njo nimemuliza.

Ijumaa, tarehe 12

Bamasera bamefungua midomo. Nikamuambia Masera Anastasie yote, na pistoni pia. Akacheka mupaka akashika meza. Kisha akakasirika. Mama, ungesema siku ya kwanza, ningemuita Jafari mi mwenyewe, mambo yakaisha! Lakini mate yatapimwa, jibu kesho. Nikasema nilikuwa ninadanganya. Akasema kikohozi kile kilimuogopesha hata yeye.

Nilifurahi kidogo. Siwezi kuficha.

Nimeapa mbele yake: uongo basi.

Jumamosi, tarehe 13

Mate safi! Masera akapeleka habari. Jafari akachukua mufuko, akaenda Lweba, akaacha neno: mama aingie, nyumba ni yake. Mukwe wa namna hii! Karibu nimufuate nimuangalie uso.

Nilibeba mujukuu wangu. Toka adhuhuri mupaka alasiri. Jina lake Ali. Kulthumu mwenyewe aliniwekea mukononi, akasema, chukua mukwe, leo hewa ni yako. Tukacheka mupaka Nadia akatunyamazisha.

Mutoto alilala muda wote. Hakufungua hata jicho moja! Nilimupulizia usoni. Nilimufinya kidogo, Kulthumu aliniona. Hakuna. Nadia akaweka kichwa ku bega langu, upande ule mwingine. Sikuwa na mukono wa kufuta machozi, nikayaacha.

Nilipomurudisha, mikono ikabakia imekunjwa vile vile. Mupaka sasa. Ninaandika vibaya.

Jumapili, tarehe 14

Masera Anastasie alinisindikiza ku boti. Akanikumbusha kiapo. Nikasema ninakishika sana.

Kisha nikaangalia upande wa nyumba ya Nadia. Moshi wa jiko ulikuwa unapanda. Saa hii mutoto amefungua macho, anaangalia, na mi siko pale.

Nikamuambia Masera siwezi kupanda. Mungu ameniita. Ninataka kuingia umasera. Hapa Baraka. Leo.

 Akasema, mama, we ni Muislamu. Nikasema ninajua. Akauliza kama Yunusu, bwana yangu kule Kigoma, ana habari. Nikasema atazoea. Akauliza na batoto tisa je? Nikasema hao njo ushuhuda kwamba ninaweza kazi nzito.

Nikamuuliza mafunzo ya umasera yanachukua muda gani. Akasema ni miaka mingi, mama.

Mingi njo mizuri, nikamuambia. Nikakaa juu ya mufuko wangu, boti inanguruma, nikamuuliza kama kuko chumba chenye dirisha la upande wa Nadia.